Naomba ushauri: nitapimaje uzembe wa vijana kwenye meno?

Wakuu, habari za leo. Niko Kigoma, naandaa utafiti mdogo kwa wanafunzi wa sekondari wa Mwanga na Ujiji. Kuhesabu meno yaliyooza, yaliyong'olewa na yaliyozibwa si shida. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wake, na miaka 12 na 15 ni kati ya rika linazopendekeza. Ila hesabu hiyo inaonyesha madhara, haionyeshi uzembe. Kijana anapiga mswaki kila siku lakini kwao hakuna hela ya kuziba jino, naye nimuite mzembe? Nitenganishe vipi kupuuza na kukosa uwezo? Halafu maswali ya mswaki, nani atakiri hapigi, tena mwalimu kasimama pembeni! Aliyewahi kuandaa dodoso la namna hii, naomba anielekeze aliulizaje.