Mrejesho: mashine ya kufulia iliyokuwa ikinguruma

Wakuu, nilileta hapa swali la mashine yangu ya mlango wa mbele, ina miaka tisa, ikifika kwenye kukamua inanguruma kama ndege inapaa. Nikauliza nitengeneze au ninunue nyingine. Asanteni sana mlionijibu.

Nilifanya kile kipimo mlichonielekeza: nikafungua mlango, nikashika ngoma (lile pipa la ndani linalozungusha nguo) kwa juu na kuinyanyua. Ikacheza kabisa, na mpira wa mlangoni ulikuwa na weusi wa kusuguliwa. Beringi, yaani zile pete za chuma zenye gololi zinazofanya ngoma izunguke laini, zimekwisha.

Bahati yangu pipa la nje limefungwa kwa bolti. Fundi aliniambia yapo mapipa yaliyogandishwa kiwandani, hayo mpaka ukate kwa msumeno, na hapo wengi hukata tamaa. Tulipolipasua tukakuta mkosaji ni sili, ile raba inayozuia maji. Ilikuwa imelika, maji yakapita, yakaosha grisi yote. Beringi ya ndani ilitoka na kutu nyekundu, gololi zimechimbika. Beringi zenyewe ni mbili, namba 6205 na 6206, zinapatikana kwenye maduka ya beringi kama zilivyo za magari. Sili nayo tukaweka mpya. Ukiirudisha ya zamani unajidanganya.

Jambo ambalo sikulijua: kagua pia ule msalaba wa alumini unaoishikilia ngoma kwa nyuma. Ukiwa umeliwa na sabuni, beringi mpya hazikusaidii. Wangu ulikuwa mzima.

Jana nimefua mashuka mawili. Mtoto alilala palepale karibu, hakuamka.