Nimepigwa! Ufito wanaouza "wa wachimba chupa" ni wa kutafutia mabomba

Wakuu, habari za muda huu. Leo nina hasira na sitaificha, wenye mioyo laini mpite uzi wa jirani.

Kwa wasionijua: niko Philadelphia mwaka wa saba huu, na Jumamosi zangu zinaishia nyuma ya nyumba za watu nikifukua vyoo vya zamani kutafuta chupa za kale. Ndiyo, vyoo. Ndugu zangu Morogoro wakisikia wanacheka mpaka wanakaa chini. Lakini choo cha shimo cha karne ya 19 ndicho kilikuwa jalala la nyumba: dawa ikiisha, chupa shimoni, sahani ikipasuka, shimoni. Wanaakiolojia walipochimba kiwanja cha Museum of the American Revolution hapa Philadelphia, kabla haijafunguliwa 2017, walikuta vyoo vya matofali na vipande makumi ya maelfu. Sisi wa vichochoroni tunaokota masazo tu, tena kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Sasa, choo chenyewe hukioni. Juu ni nyasi. Unakitafuta kwa kuchoma ardhi na ufito wa chuma, kama mkaguzi anavyochoma gunia la mahindi kwa bambo, ila wewe huchoti kitu, unasikiliza kwa viganja. Udongo ambao haujaguswa unakubana tangu mwanzo. Ukiangukia kwenye shimo la zamani, ufito unazama ghafla. Majivu yanakwaruza. Tofali linagonga kavu na kukurudishia mkono. Kioo kina mlio mwembamba, halafu ncha inateleza pembeni. Ufito usiokuletea habari hizo ni fimbo ya kuchungia mbuzi.

Mwezi uliopita niliusahau ufito wangu wa zamani juu ya paa la gari (msiniulize). Nikaagiza mwingine mtandaoni. Tangazo limeandikwa kabisa "kwa wachimba chupa", na picha ya chupa ya buluu pembeni. Dola 70, nauli juu yake.

Nafungua boksi, nakuta ncha imechongwa kama mkuki wa Mmasai! Ule ni ufito wa mafundi wa mabomba na makaro. Wao wanatafuta bomba la plastiki au mfuniko wa zege, wakigonga hawana hasara. Sisi tunatafuta kioo! Ncha ya chupa inatakiwa iwe butu, goroli limechomelewa mwishoni, nene kuliko ufito kidogo tu. Kazi ya goroli si kulinda chupa peke yake. Linapanua tundu, hivyo ufito unaofuata nyuma hausuguani na udongo, na kile unachokihisi mkononi ni cha nchani kweli. Huu wangu ulisuguana njia nzima. Nikawa nahisi kila kitu, yaani sihisi kitu.

Hayo hayakutosha. Umekuja vipande viwili vya kuunganisha kwa kukaza, na pale kwenye kiungo kuna kifundo kinachokwama kwenye udongo. Nilifukua tundu zima nikidhani nimegusa ukuta wa choo, kumbe kifundo kimekwama kwenye mzizi. Chuma chenyewe laini kuliko nondo ya geti. Siku ya pili kimepinda pale pale kwenye kiungo, na mpini ulioshikwa kwa skrubu ukabaki mkononi kama usukani wa gari la mtoto.

Na kilichoniuma kuliko vyote: choo nilikipata. Futi 5 chini, chupa ya dawa ya kijani-samawati, kitakoni ina lile kovu linaloachwa na fimbo ya chuma ambayo mfua kioo aliishikia chupa wakati wa kuitengeneza. Wanaojua wanajua, kovu hilo mara nyingi ni dalili ya chupa ya kabla ya miaka ya 1860. Begani ina tundu. Tundu safi, la duara, saizi ya ncha yangu. Ilikaa ardhini zaidi ya miaka 150 bila ufa, nikaitoboa mimi na mkuki wa dola 70.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu lake: "Umetumia nguvu kupita kiasi." Nina kilo 61 mimi!

Na nyie wakongwe mlioniambia kwenye ule uzi wangu wa mwanzo "chukua wowote tu, yote ni vyuma", nimewakumbuka mmoja mmoja.

NYONGEZA: Mkuu mmoja kauliza atafute upi. Mimi nimeshaenda kwa fundi wa kuchomelea. Chuma cha springi, kile kinachopinda na kurudi, unene wa nondo ya milimita 10, kipande kimoja futi 5 na nusu, mpini wa T umechomelewa pande zote, goroli la milimita 12 au 13 nchani. Fundi yeyote wa Gerezani pale Dar angekumalizia wakati unakunywa chai. Ukiwa mrefu sana unayumba, ukiwa mfupi huvuki tabaka la kifusi.

NYONGEZA 2: Anayesema aongeze urefu achome barabarani, wewe mkuu unatafuta kifo. Huku Marekani unapiga simu namba 811 kwanza, bure, wanakuja kukuchorea rangi juu ya ardhi kuonyesha mabomba na nyaya zilizofukiwa: njano gesi, nyekundu umeme. Tena ufito wa chuma mtupu, mikono mitupu!

NYONGEZA 3: Muuzaji kajibu tena usiku huu. Yuko tayari kurudisha nusu ya hela, nikiurudisha ufito kwa gharama yangu. Nimeuliza posta, nauli ni dola 28. Nusu ya 70 ni 35. Toeni wenyewe.