Mwanangu kadai chenji ya sadaka mbele ya kanisa zima, naombeni ushauri

MamaB_Moshi
Shalom wapendwa. Nina mtoto wa kiume, miaka minne na nusu. Jumapili iliyopita nilimpa elfu moja akatoe sadaka kwa mkono wake. Tukapanga mstari, tukafika mbele, akadumbukiza vizuri kwenye kikapu. Halafu hasogei. Anamtazama mzee wa kanisa: "Na chenji yangu?" Huwa namtuma mkate duka la jirani, na kila siku namsisitiza asiondoke bila chenji. Kwaya ilishindwa kuimba kwa kicheko.

Kwenye sala ya mwisho mchungaji akatulia kidogo avute pumzi, mwanangu akadakia: "Amina! Mama twende." Mchungaji mwenyewe alitabasamu.

Sasa tuko nje kwenye mnada, mama mmoja mtu mzima akanivuta pembeni: mtoto wa hivi aachwe nyumbani mpaka apate akili. Nimelia njia nzima. Baba yake yuko kazini mkoa mwingine, sina wa kumwachia, na bila ibada wiki yangu haiendi. Nifanyeje jamani?

Ngosha_wa_Mwanza
Pole dada. Ila ibada iheshimiwe. Sisi mama alikuwa akikukazia jicho tu, unatulia. Akizidi, toka naye nje dakika tano, akitulia mrudi. Kumwacha nyumbani hapana, hapo huyo mama kakosea.

Besi_ya_Pili
Naimba kwaya, kwa hiyo nawaona nyote kutokea mbele. Wanaohangaika zaidi ni watoto wa viti vya nyuma, maana kule wanaona migongo ya watu tu. Kaa naye benchi la kwanza aone vidole vya mpiga kinanda. Mlishe kabla ya kutoka. Na mueleze mambo kabla hayajafika: hapa tutasimama, hapa tunafumba macho. Huyo mtoto hana utovu wa adabu, alifanya ulichomfundisha dukani!

BintiTanga
Mimi Muislamu, naomba nichangie. Mtume (s.a.w.) aliswalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba tena. Na akisikia mtoto analia alikuwa akifupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Usikubali mtu akutoe nyumba ya ibada, dada yangu.

Katekista_Mstaafu
BintiTanga umenigusa. Novemba 2018 kule Vatican, mtoto wa familia ya Argentina, asiyeweza kuongea, alipanda jukwaani mbele ya Papa Fransisko, akawa anamvuta mkono mlinzi. Mama yake akapanda kumchukua. Papa akasema aachwe acheze, kisha akawaambia watu kuwa mtoto yule yuko huru.

Binti yangu, mtafute mwalimu wa sandei skuli umweleze tabia zake. Na huyo mama msalimie Jumapili ijayo, usimkimbie.

MamaB_Moshi
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Leo wakati namuogesha nimemweleza kwamba sadaka tunampa Mungu, haina chenji. Akafikiri, akaniuliza, "Hata ya pipi?" Nikamwambia hata ya pipi. Basi akasema Jumapili nimpe mia mbili.

Tutakaa benchi la kwanza, upande wa kinanda.