Mteja kalipa 85,000 kwa simu, kwake imetoka, kwangu haijaingia. Naombeni msaada

fundi_tandika
Wakuu habari za asubuhi. Mimi ni fundi nguo huku Tandika, naombeni mnisaidie maana usiku sijalala vizuri. Kuna mama nimemshonea magauni matatu ya kitenge ya sendofu ya mdogo wake, 85,000. Jana jioni kaja kuchukua, umeme umekatika nahangaika na pasi ya mkaa, kasema fundi nakulipa kwa simu, akasoma namba kwenye ile stika ya lipa namba niliyobandika ubavuni mwa cherehani, akabonyeza bonyeza pale akanionesha simu, imeandikwa muamala umefanikiwa, nikamfungia mzigo akaondoka. Simu yangu kimya. Nafungua aplikesheni naona 3,200 ile ile niliyoamka nayo. Nimempigia kanitumia skrinishoti wasapu, ina kumbukumbu namba, ina saa 11:08 jioni, na jina ni la kwangu. Nimezima simu nikawasha, nimeifuta aplikesheni nikaishusha upya, wapi. Yeye anasema kwake imekatwa na sitaki kumuumbua, ni mteja wangu toka sijawa na meza yangu. Na leo ndio natakiwa Kariakoo kufuata zipu na bitana.

Kisiki
Umepigwa hapo mkuu. Skrinishoti hata mwanangu wa darasa la sita anatengeneza. Siku nyingine mzigo hautoki mpaka simu YAKO iite.

Msaada_Haraka
Ndugu mteja pole kwa usumbufu, muamala wako umekwama kwenye mfumo. Njoo pm na namba yako ya simu pamoja na namba ya siri tukurudishie ndani ya dakika 5.

wakala_rangi3
Fundi huyo hapo juu usimjibu kabisa, hakuna mtu wa mtandao wowote anayekuomba namba ya siri, awe kwenye simu awe dukani. Akikutumia meseji ipeleke 15040, ndio namba ya TCRA ya kupokea mambo ya hawa watu, bure.

Na wewe Kisiki usimtie mwenzio presha, mama wa watu ana kumbukumbu namba na jina limesoma sawa. Mimi ni wakala hapa Mbagala Rangi Tatu, hii kesi naletewa kila wiki. Fundi umesema kalipa kwenye STIKA. Hela ya lipa namba haiingii kwenye salio lako la kawaida, ule ni mfuko mwingine wa biashara, una menyu yake na namba yake ya siri, na meseji inakwenda kwenye laini iliyosajiliwa siku unapewa stika. Sasa nijibu, stika ulipewa lini, na laini uliyoandikisha siku hiyo ndio hiyo unayoangalia salio?

Chaurembo
Mi yangu ilikuwa nyingine, naiweka hapa isaidie wengine. Nilihama mtandao nikabaki na namba ile ile, si unajua toka 2017 inaruhusiwa, sasa shemeji akiona namba yangu inavyoanza anachagua mtandao wa zamani, muamala unagoma, ananipigia simu kufoka eti laini yangu mbovu. Tulikaa siku mbili tunalaumiana. Nilipomwambia achague mtandao niliopo sasa na asiweke namba ya siri mpaka aone jina langu, ikaingia hapo hapo.

dullah_bodaboda
Pia cheki kama una deni la ule mkopo wa kumalizia muamala ukipungukiwa. Mi niliwekewa 20,000 na abiria nikaona salio 4,000 na kitu, nikaanza kumtukana moyoni, kumbe deni limekatwa juu kwa juu. Meseji ilikuwepo ila sisi hatusomagi mpaka mwisho.

fundi_tandika
@wakala_rangi3 dada umenigusa penyewe. Stika kaniletea kijana mmoja wa promosheni mwaka juzi, nikaandikisha laini yangu ya zamani. Hiyo laini ipo kwenye kiswaswadu, kiswaswadu yuko nacho bibi yake Rehema nyumbani anasikilizia redio. Nikabandika stika nikasahau maana wengi wananipa keshi au wananirushia kwenye namba ninayotumia. Nafunga kibanda naenda kuangalia.

wakala_rangi3
Nenda. Ila namba ya siri kama huikumbuki usibahatishe bahatishe, ukikosea mara tatu inafungwa. Nenda dukani kwao na namba yako ya NIDA wakuwekee mpya, na uwe mwenyewe, usimtume mtu. Na ukishaipata hiyo laini piga *106# uhakikishe ipo kwa jina lako.

fundi_tandika
Wakuu nimerudi. Chaji ilikuwa imeisha, nimechomeka kwa jirani, kuwaka tu meseji zinashuka kama mvua. 85,000 ipo, saa 11:08. Namba ya siri nilikumbuka ya pili, ni mwaka aliozaliwa Rehema (naibadilisha leo, msinicheke). Nimehamishia kwenye laini ya kawaida, makato yapo kidogo ila sawa.

Sasa kuna jingine. Chini yake kuna 12,000 ya mwezi wa nne. Hiyo ni ya mzee mmoja niliyempunguzia suruali, aliniambia kalipa kwenye stika, nikamwambia mzee wangu mbele za watu usinifanye mtoto, akatoa 12,000 nyingine ya keshi mfukoni akanipa, hajarudi tena mpaka leo.

Kisiki
Duh.

wakala_rangi3
Mrudishie kwa simu, na jina lake lisome kwanza kabla hujathibitisha. Halafu mpigie.

fundi_tandika
Nimempigia. Kasikiliza mpaka mwisho, kasema "nilikwambia", akakata. Hela nimeshamrushia. Nabandua stika naenda Kariakoo.