Hita ya maji ya gesi haiwaki kabisa, nianzie wapi kutafuta hitilafu? (Tabora)

Mkazi wa Isevya

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa hita za maji zinazotumia gesi ya mtungi, zile ndogo zinazofungwa ukutani na kupasha maji papo hapo yanapopita, bila kuyahifadhi. Ya kwetu ni ya lita 6 kwa dakika, na iko nyumbani kwa mama hapa Isevya. Tuliichagua kwa sababu umeme ukikatika alfajiri ya mwezi Juni au Julai, mtu mzima hawezi kuogea maji kama yalivyotoka bombani.

Kwa muda mrefu ilifanya kazi bila taabu. Siku hizi ukifungua shawa maji yanatoka, lakini hita iko kimya: haitoi ule mlio wa tik-tik-tik, haitoi cheche wala moto. Nimebadilisha betri zote mbili. Mtungi wa kilo 15 una gesi ya kutosha, na jiko linalotumia mtungi huohuo linawaka kwa moto wa bluu. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba asubuhi moja iliwaka kama zamani, mama akaoga, kisha jioni ikakataa tena.

Fundi mmoja alipita akasema kibao cha umeme cha ndani kimeungua na kwamba tununue hita nyingine, ingawa hakufungua hata kifuniko. Kabla ya kutoa fedha ningependa kujua hasa kilichoharibika. Nyumbani hakuna kilichobadilika, isipokuwa tenki la lita 1,000 tuliloweka nje ili mama asikose maji siku ambazo bomba la mtaani halitoi.

Fundi Bomba wa Ng'ambo

Ndugu Mkazi wa Isevya, usinunue hita bado. Hitilafu ya hita ya aina hii hutafutwa kwa masikio kabla ya bisibisi, na wewe tayari umeshasikiliza vizuri.

Utaratibu wake wa kuwaka uko hivi. Maji yanapopita yanasukuma utando wa mpira ulio ndani ya valvu ya maji, utando unasukuma kijiti, na kijiti kinaigusa swichi ndogo ambayo inakiamsha kibao cha umeme kinachotumia zile betri mbili, yaani volti 3. Kibao kikiamka kinatoa cheche na papo hapo kinafungua valvu ya gesi. Gesi ikishika, kihisi kilicho kando ya kichomeo kinakijulisha kibao kwamba moto upo, na kisipopata taarifa hiyo kinaifunga gesi baada ya sekunde chache. Kwa hiyo ukisikia mlio lakini moto haushiki, tafuta kwenye gesi: mtungi, regyuleta, koki, au hewa iliyobaki ndani ya mpira baada ya kubadilisha mtungi. Moto ukishika kisha ukazimika mara moja, tafuta kwenye kihisi. Kwako hakuna hata mlio, maana yake mambo yamekatika kabla ya kufika kwenye gesi, na mtungi wako hauna hatia.

Yanabaki maji na betri. Kuhusu betri, angalia kama vyuma vinavyozigusa vimeshika kutu ya kijani, na kama ulinunua zile za bei ndogo za tochi, jaribu za alkalini, kwa kuwa za bei ndogo huishiwa nguvu mapema. Hata hivyo betri iliyokufa haifufuki asubuhi moja ikafa tena jioni. Sentensi yako ya mwisho, ile ya tenki, ndiyo iliyonisimamisha. Tafadhali tueleze: shawa sasa inapata maji ya tenki au ya mtaani? Tenki limekaa kwenye mnara wa urefu gani? Kwenye kibandiko cha ubavuni mwa hita kumeandikwa msukumo wa chini wa maji kiasi gani? Tena weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa, fungua upande wa maji moto hadi mwisho, kisha pima inajaa kwa muda gani. Ukiwa hapo, funga maji, fungua nati ya bomba linaloingiza maji kwenye hita, utoe kichujio kidogo cha wavu ukisafishe kwa mswaki wa zamani.

Msafiri wa Urambo

Kaka, hayo yote ni marefu. Ya kwangu ilipokataa namna hiyo, jirani alifungua kifuniko akaunganisha zile nyaya mbili za swichi ndogo moja kwa moja, ikawa ukifungua koki ya gesi inawaka yenyewe bila kusubiri msukumo wa maji. Ni kazi ya dakika chache.

Fundi Bomba wa Ng'ambo

Msafiri, kwa heshima zote, naomba asiwepo mtu hapa atakayefuata ushauri huo, na hiyo ya kwako uirudishe ilivyokuwa leo. Swichi ile ndiyo inayohakikisha kwamba moto hauwaki pasipo maji. Ukiiunganisha, maji yakikatika katikati ya kuoga kichomeo kinaendelea kuwaka chini ya mabomba makavu ya shaba. Maji machache yaliyobaki yanachemka na kugeuka mvuke, na anayeyapokea ni aliye chini ya shawa. Mjini kwetu, ambako maji hukatika bila kuaga, hilo halihitaji bahati mbaya kubwa ili litokee.

Mkazi wa Isevya

Fundi, ahsante sana kwa maelezo. Nimefanya yote uliyoagiza.

Kichujio kilikuwa na mchanga mwembamba na vipande vidogo vya plastiki, nadhani ni mabaki ya kutoboa tenki. Nimekisafisha, maji yakaongezeka kidogo, lakini hita bado kimya. Kibandiko kinasema msukumo wa chini ni 0.025 MPa. Shawa inapata maji ya tenki, na mnara wake wa matofali una mita 2 kutoka chini. Shawa yenyewe iko kwenye kimo hichohicho cha mita 2. Ndoo ya lita 10 ilichukua zaidi ya dakika tano kujaa.

Halafu nikajaribu mambo mawili ambayo hukuniagiza. Bafuni kuna bomba la chini la kujazia ndoo, nalo linapitia hita hiyohiyo. Nilipolifungua tenki likiwa limejaa, hita iliwaka mara moja. Na maji ya mtaani yalipotoka nikayaelekeza moja kwa moja bila kupitia tenki, shawa nayo ikawasha hita bila shida yoyote. Kwa hiyo kibao cha umeme ni kizima, sivyo?

Fundi Bomba wa Ng'ambo

Ni kizima, na hita nzima ni nzima. Kinachokosekana ni kimo.

Kila mita moja ya kimo cha maji inatoa msukumo wa karibu 0.01 MPa. Hita yako inadai 0.025, yaani mita mbili na nusu. Tenki lako likijaa, uso wa maji uko kama mita 3.3 kutoka ardhini, ukijumlisha mnara na tenki lenyewe; ukitoa mita 2 za shawa, inabaki mita 1.3, na hapo hatujaondoa kinachopotelea kwenye kona na viungo vya bomba. Tenki likishuka nusu, unabaki na kitu kama sentimita 65. Bomba la ndoo liko chini, tuseme nusu mita kutoka sakafuni, kwa hiyo lenyewe linapata karibu mita 2.8, na ndiyo maana linaiwasha hita. Asubuhi ile mama alipobahatika, nakisia tenki lilikuwa limetoka kujazwa usiku, au alilifungua bomba la ndoo pamoja na shawa.

Wengi hapa hufikiri kwamba kuishusha hita ukutani kutasaidia. Haisaidii, kwa sababu ule utando haujali maji yaliyosimama bali yanayopita, na kasi ya kupita inaamuliwa na tofauti kati ya uso wa maji tenkini na mahali maji yanapotokea. Ndoo ya lita 10 kwa zaidi ya dakika tano ni chini ya lita 2 kwa dakika, na hita nyingi za ukubwa huo hazishtuki mpaka zipate kama lita 2.5.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuinua tenki angalau mita 2 zaidi, lakini si kwa kuongeza matofali juu ya mnara uliopo: tenki hilo likijaa ni tani moja ya maji, kwa hiyo ita mwashi aangalie msingi, au utengenezewe stendi ya chuma. Ya pili ni pampu ndogo ya kuongeza msukumo, inayowaka yenyewe bomba linapofunguliwa. Ni rahisi zaidi, ila inataka umeme, na umeme ndio uliokufanya ukimbilie gesi. Mimi ningeinua tenki. Kwa sasa mama aogee maji ya ndoo kutoka bomba la chini, na tenki lisiachwe kushuka sana.

Binti wa Cheyo

Shikamoo Fundi. Kaka Mkazi, naomba kuuliza jambo ambalo halijatajwa: hita hiyo imefungwa ndani ya bafu au nje? Kama ni ndani, na mama anafunga dirisha kwa sababu ya baridi, basi hilo ni kubwa kuliko suala la tenki. Moto wa gesi ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki. Mtu huanza kuumwa kichwa na kusikia kizunguzungu, akadhani ni mvuke wa maji ya moto, kisha anaanguka. Hita isiyo na bomba la kutolea moshi nje haipaswi kabisa kuwa bafuni.

Mkazi wa Isevya

Dada, ahsante kwa kuuliza. Iko ndani, juu ya mlango, na haina bomba la moshi. Leo nimefunga koki yake ya gesi, mama atachemshiwa maji jikoni mpaka tuihamishe. Ukuta wa nyuma unaelekea uani na una paa la bati la kuzuia mvua. Fundi, tukiinua tenki na kuihamishia hita huko nje, je, bomba la nusu inchi lililopo litatosha, au tulibadilishe?

Fundi Bomba wa Ng'ambo

Marahaba binti, umefanya vyema kuuliza. Mkazi, toa bomba jipya la robo tatu inchi kutoka tenkini hadi kwenye hita, lisigawanywe na choo wala jiko, na nusu inchi ianzie pale hita inapoishia. Toboa tenki sentimita kadhaa juu ya sakafu yake ili mchanga ubaki chini. Upande wa gesi, tumia regyuleta ya msukumo mdogo inayolingana na kibandiko cha hita. Ile ya msukumo mkubwa ya majiko ya hotelini haifai. Mpira mpya ukishafungwa, fungua mtungi na upake povu la sabuni kwenye kila kiungo kabla ya kuwasha chochote. Povu likitoa mapovu mapya, kaza tena. Usijaribu kwa kiberiti, hata kama fundi aliyekuja ndivyo anavyofanya. Na kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, mtungi nao usimame uani, mbali na shimo la maji machafu.

Ukimaliza, rudia kipimo cha ndoo kwenye shawa wakati tenki likiwa nusu. Ikijaa ndani ya dakika nne, hita itawaka.