Baba anaanza mionzi ya koo: mate yatakauka tu, au kuna la kufanya mapema?

BintiMkubwa:
Habari zenu. Baba ana saratani ya koo, uvimbe uko kwenye findo la kushoto. Ameshatengenezewa kinyago cha kushika kichwa kisitikisike na kupigwa skani ya kupangia mionzi, bado hajaanza. Ni grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), mara 35, wiki saba. Daktari alitaja kinywa kukauka kwa sentensi moja akapita. Mzee ni msemaji na mlaji, sitaki tungoje mpaka akauke ndipo tuhangaike. Kuna kinga?

MpangaMionzi:
Dada, umeuliza wakati ambao jibu bado lina faida. Mimi kazi yangu ni kupanga dozi kwenye kompyuta, na kinga kubwa ya mate hufanyika hapo, kabla mgonjwa hajalala mezani.

Kila upande wa uso una tezi kubwa tatu za mate: ya sikio, ya chini ya taya na ya chini ya ulimi. Ya sikio humwaga mate mepesi wakati wa kula. Ya chini ya taya ndiyo hulowesha kinywa muda wote uliobaki, hata usingizini. Zote ni dhaifu mbele ya mionzi, mate huanza kupungua tangu wiki ya kwanza.

Kwa mpango wa IMRT, yaani mionzi ambayo nguvu yake hupangwa na kompyuta kufuata umbo la uvimbe, tunaweza kupunguza dozi pale tezi ilipo. Naichora picha kwa picha kwenye skani, kisha naiambia kompyuta iikwepe. Tunachosaka ni wastani usiozidi grei 25 kwa tezi zote mbili za sikio, au moja ibaki chini ya 20. Jaribio la PARSPORT la Uingereza, lililotoa matokeo 2011, lilionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja ukavu wa kusumbua ulibaki kwa asilimia 38 ya waliopata IMRT, na asilimia 74 ya waliopata mionzi ya kawaida. Si sifuri, lakini tofauti hiyo mtu anaisikia kila anapomeza.

Waulize hospitalini kwenu swali moja: "Tezi ya sikio la kulia inapata wastani wa grei ngapi?" Ya kushoto huenda ikaumia, kwa sababu iko jirani na ugonjwa, na hakuna anayeacha saratani ili aokoe mate.

BintiMkubwa:
Asante sana kaka. Na dawa je? Nimesikia kuna sindano.

MpangaMionzi:
Hiyo ni amifostini. Marekani waliiidhinisha kwa kazi hii 1999. Inatolewa kabla ya kila kipindi cha mionzi, na inatapisha na kushusha presha, ndiyo maana wengi hawaikimbilii. Pilokapini, miligramu 5 mara tatu kwa siku, kwa kawaida ni ya baadaye: huiamsha tezi iliyobaki hai, iliyokufa haifufui. Inatoa jasho jingi, na mwenye pumu isiyotulia asiiguse bila daktari.

KooLaZamani:
Mwanangu, hawa wataalamu husahau meno. Mimi nimepita njia hiyo. Mpelekeni mzee kwa daktari wa meno KABLA ya mionzi. La kung'oa ling'olewe sasa, kidonda kipate kama wiki mbili za kupona. Taya likishapigwa mionzi, kung'oa jino ni hatari maisha yote, mfupa unaweza kugoma kupona. Na bila mate meno yanaoza haraka, kwa hiyo floraidi kila siku.

Asukutue kwa maji ya chumvi na bikaboneti mara nyingi, dawa za kusukutulia zenye pombe aziache. Mtu asimdanganye na peremende za limau: mate yanakuja kweli, lakini ile asidi inakula meno. Chingamu isiyo na sukari ni bora. Usiku maji yawe kitandani, kwa sababu utaamka ulimi umegandia kaakaa, na huwezi hata kumwita mtu.

BintiMkubwa:
Nimewapigia. Kulia 19, kushoto 38. Daktari wa meno ni kesho.

MpangaMionzi:
19 ni kazi nzuri. Sasa waulize na tezi ya chini ya taya ya kulia. Hiyo wengi hawaiulizii, na ndiyo ya usiku.