Naomba ushauri: mfuko umeoza, uzi umebaki

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Mimi ni fundi cherehani, Likoni. Nashona mifuko ya sokoni kwa kitambaa cha pamba, mikono nasokota kwa usumba wa makumbi ya nazi. Kilichonisukuma ni uchungu: maji yakitoka, matambara ya poliesta yamening'inia kwenye mizizi ya mikoko. Poliesta ni plastiki, hata ukiifua tu vinyuzi vidogo mno hutoka na maji. Na ile mifuko laini iliyozagaa baada ya marufuku ya mifuko ya plastiki hapa Kenya, Agosti 2017, ilikuwa polipropilini, plastiki vilevile, ingawa wengi tuliiita ya kitambaa.

Sasa shida yangu. Nilifukia mfuko mmoja kwenye mchanga unyevu nyuma ya nyumba. Miezi minne baadaye nikaufukua: pamba inakatika mkononi kama mkate uliolowa. Lakini uzi wa kushonea, poliesta, mzima! Unang'aa, bado umeshika umbo la mshono. Roho iliniuma sana.

Nimejaribu uzi wa pamba, cherehani ikikimbia unakatika. Nikaupaka nta ya nyuki, sindano ikapata moto na tundu likaziba.

Kuna muuzaji ananishawishi nichukue uzi wa PLA, ule wa wanga wa mahindi. Huo huoza vizuri kwenye mboji yenye joto la nyuzi 60 hivi, na bahari yetu haifiki hapo kamwe, kwa hivyo nimesita.

Mafundi wenzangu, mnatumia uzi gani wa pamba au kitani unaohimili mashine? Sindano namba ngapi? Na hapa Mombasa naupata wapi kwa rejareja?